Kimbia, abla, kimbia

Mlima wenyewe unaitwa Babadağ. Dağ kwa Kituruki ni mlima, na baba ni baba, huyuhuyu tunayemjua. Wifi yangu alipoelezwa hivyo ndani ya basi dogo la kutoka Fethiye, mji wa pwani ya Uturuki, aligeukia dirishani, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema kwa sauti ya kusikika: "Shikamoo, Baba." Palepale abiria mmoja akapanda na kumsalimia dereva: "Merhaba!" Tulicheka mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka. Kwa wifi hiyo ilikuwa ishara tosha. Mlima umeitikia marahaba, basi kesho tunaruka.

Mimi ishara sikuiona. Niliona mlima wa mita 1,969 uliojiinua karibu kabisa na bahari, na mbele yake vidoa vyekundu, vya njano na vya buluu vikielea kama vishada vilivyokatika uzi. Kila kidoa, tulielezwa, ni kitambaa chenye watu wawili wamening'inia chini yake, rubani na abiria wake, walioruka kutoka mlimani. Mchezo huo unaitwa paragliding.

Hatukwenda Uturuki kwa ajili hiyo. Wifi anauza nguo, alikuwa na shughuli zake Istanbul, nami nilimsindikiza kwa sababu mizigo ni mingi na yeye akiwa peke yake hulipa bei anayotajiwa. Shughuli zilipokwisha zikabaki siku nne, na kumbe mwenzangu alikuwa ameshakata tiketi za ndege hadi Dalaman, jirani na Fethiye, bila kunishirikisha. Ndiyo tabia yake: anakubali kwanza, anauliza baadaye. Mimi ni kinyume chake. Nauliza, naendelea kuuliza, na mara nyingi jambo hupita nikiwa bado nauliza.

Kijiji kilicho chini ya mlima ndicho Ölüdeniz, maana yake bahari iliyokufa, jina la kutisha kwa mahali pazuri kiasi kile. Hakuna kilichokufa. Ni ghuba ndogo iliyojificha nyuma ya ulimi wa mchanga, na mlango wake ni mwembamba kiasi kwamba hata bahari ya nje ikichafuka, maji ya ndani hubaki yametulia kama maji ya beseni. Ulimi huo wanauita Kumburnu, pua ya mchanga. Ni eneo la hifadhi, unalipa kiingilio. Tulioga pale jioni ya kwanza. Nikiwa nimelala chali juu ya maji nikaona wale watu wa vishada wakitupita juu, nikasikia mmoja wao anapiga kelele. Sikuweza kupambanua kama ni kelele za raha au za kuomba msaada. Wifi alisema ni za raha. Alijuaje?

Barabara ya nyuma ya ufukwe imejaa ofisi ndogo zinazouza safari za kuruka, moja baada ya nyingine. Ofisi ya kwanza alikuwepo kijana mcheshi mwenye bei nzuri kuliko zote. Wifi alishafungua pochi. Nikamuuliza yule kijana: upepo ukiwa mbaya je? Akacheka. Hakuna shida, sisi tunaruka siku zote. Nikamuuliza kama anataka kujua uzito wetu. Hakuna shida. Nikamshika wifi mkono, tukatoka. Aliniambia nje kwamba ninapenda kuharibu mambo mazuri. Labda. Lakini mtu anayekuambia kwamba kwake hewa haina siku mbaya, ama hajui hewa, ama hajali.

Ofisi ya tatu alikuwepo mama mwenye daftari. Huyo alituhoji kama karani wa hospitali: umri, kilo, magoti yakoje, mgongo je, kuna upasuaji wa karibuni, kuna mimba, viatu vyenu ni hivyo? Wifi alikuwa amevaa kandambili. Mama akatikisa kichwa, akachora kiatu cha kamba kwenye daftari. Akasema kesho saa tatu asubuhi, "hava ikikubali". Hava ni hewa, na ni hali ya hewa pia. Wenzetu hawakuona haja ya maneno mawili. Ikikataa, unasubiri au unarudishiwa pesa zako. Bei yake ilikuwa juu, na picha na video zinauzwa kando, ukitua ndipo unaamua. Hilo la picha lilimuudhi wifi, lakini huko ndio utaratibu wao.

Swali la kilo ndilo lililonitoa kasoro. Nikasema 72. Sijui kwa nini. Hakuna mtu pale aliyenijua isipokuwa wifi, na wifi alinitazama kwa jicho la pembeni, asinisute.

Kesho yake tuliamka mapema, viatu vya kamba miguuni, tukakuta mama amekunja mikono. Hakuna kuruka. Wifi akatazama bahari, akatazama miti. Hata jani halikutikisika. "Hebu ona wifi, bahari imelala kabisa! Wanatuchezea hawa." Rubani mmoja aliyekuwa anakunywa chai mlangoni, mwanamume mfupi mwenye uso uliobabuliwa na jua hadi kwenye mstari wa helmeti, hakubishana. Alinyoosha kidole tu kuelekea kileleni. Pale juu lilikuwepo wingu jembamba, limekaa kama kofia, na ukilikazia macho unaona halikukaa: lilikuwa linakimbia, linapanda upande huu wa kilele na kuyeyukia upande wa pili, kwa kasi, bila kukoma. Upepo wa chini ni mmoja na wa juu ni mwingine. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye kivuli cha mlima tukihukumu hewa ambayo hatukuwa ndani yake.

"Sabır," akasema rubani. Hilo nalo halikuhitaji mkalimani.

Basi la yule kijana mcheshi lilipanda mlima, limejaa watu. Wifi alilisindikiza kwa macho kama mtu aliyeachwa na meli. Mchana tulipokuwa tunakula tukaliona linashuka, na watu walewale ndani, nyuso zimevimba kwa hasira. Sikusema kitu. Ni mara chache mno huwa napata nafasi ya kutosema kitu mbele ya wifi, nikaifurahia.

Mchana huo tulikwenda Kayaköy, kijiji cha mawe kilicho nyuma ya vilima. Mamia ya nyumba hazina paa, zimepangana mlimani kama ngazi. Waliokuwa wakiishi pale ni Wakristo wa Kigiriki, wakaondoka mwaka 1923 katika ule mpango wa Ugiriki na Uturuki kubadilishana watu. Mtini umeota sebuleni kwa mtu. Nilitaka kukaa zaidi, lakini wifi alikuwa anatazama juu kila dakika tano kuona kama mawingu yamepungua.

Siku ya tatu hava ikakubali. Kabla ya kupanda gari tukapimwa kwenye mizani, na mizani haina heshima: 79. Mama akafuta 72 kwenye daftari, akaandika upya bila kunitazama, kisha akaitana na marubani, wakabadilishana mabegi na abiria. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekifanya. Kila bawa limepimwa kubeba uzito usiopungua kiasi fulani na usiozidi kiasi fulani, ukijumlisha rubani, abiria na vifaa vyote. Likizidiwa, linakwenda kasi na kutua kwa kishindo. Likipungukiwa, linakuwa jepesi na hewa inalichezea inavyotaka. Kilo zangu saba za aibu zilikuwa zinaingia kwenye hesabu ya mtu mwingine. Nikapewa yule rubani mfupi wa chai. Wifi akapewa kijana mrefu mwenye miwani ya jua na pete sikioni, na wakapatana papo hapo.

Juu unaweza kwenda kwa gari la waya, lile linaloning'inia kwenye kebo, lililoanza kazi mwaka 2021, au kwa basi dogo pamoja na marubani. Sisi tulikwenda na basi. Njia inajipinda, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu. Marubani wawili walilala usingizi mzito, vichwa vikigongana na kioo kila kona, na nilishindwa kuamua kama hilo linanitia moyo au linanitisha. Huko juu misonobari inaachia nafasi mierezi, hii ya Lebanoni tunayoisoma kwenye Biblia, mipana, imetandaza matawi kama meza. Joto la ufukweni tuliliacha hukohuko. Tuliposhuka garini kwenye kiwanja cha mita 1,700 nilishukuru kwamba nilivaa koti, na wifi, aliyevaa fulana, alianza kunitazama koti langu kwa upendo.

Viwanja vya kurukia viko kadhaa, cha mita 1,200, cha 1,700, cha 1,800 na cha 1,900, navyo havielekei upande mmoja. Hiyo si kwa ajili ya mandhari. Unaruka ukiukabili upepo, sikuzote, kwa hiyo wanachagua kiwanja kulingana na unakotoka upepo. Chetu kilikuwa uwanja ulioinama, umesakafiwa kwa mawe, unashuka na kushuka halafu unakatika. Baada ya hapo ni hewa, na mbali chini ile ghuba, ndogo kama sahani.

"Beş dakika," akasema rubani wangu akitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavyovuma. Dakika tano. Dakika ni neno lao na ni neno letu, na uongo wake ni uleule pande zote mbili. Tulikaa zaidi ya nusu saa. Soksi ilikuwa inajaa, inalegea, inageuka upande. Kila ilipogeuka, marubani wote walinyamaza.

Nikatumia muda huo kuuliza. Kumbe kitu kile si mwavuli wa askari wa kuruka kutoka kwenye ndege, ingawa ni jamaa yake. Mwavuli wa duara kazi yake ni kukushusha polepole. Hiki ni bawa hasa, la kitambaa chepesi, limeshonwa vifuko vingi vilivyopangana, na kila kifuko kina mdomo kwa mbele. Hewa ikiingia kwa kasi inavijaza, kitambaa kinakakamaa na kupata umbo la bawa la ndege. Hakuna fremu ya fimbo wala ya chuma. Kinachokishika kisinyauke ni mwendo tu. Wazo hilo la vifuko ni la Domina Jalbert, mtengenezaji wa vishada na maputo huko Marekani, miaka ya 1960, kwa hiyo macho yangu ya siku ya kwanza hayakukosea sana. Na kuruka kwa kukimbia mlimani kulishika kasi Mieussy, Ufaransa, mwaka 1978, pale warukaji watatu wa miavuli walipoona hakuna haja ya kulipia ndege ya kuwapandisha ikiwa mteremko upo. Rubani alinisimulia hayo huku anatandaza bawa, Kiingereza chake na changu vyote vikiwa vya kuungaunga. Alipofika kwenye habari ya kubana matumizi wifi akasikia, akasema hao watatu ni watu wenye akili.

Kisha akanivalisha. Mikanda miwili ya mapajani, mmoja wa kifuani, mabegani, nyuma kiti kilichokunjwa kinachoning'inia makalioni kama mkia. Alivuta kila mkanda mara mbili, halafu akanishika mkono na kunigusisha kila kifungo kwa kidole changu mwenyewe, kimoja kimoja, nikihesabu. Kulabu mbili zinazotuunganisha na bawa alizikagua, akazikagua tena. Wifi pembeni alikuwa anapiga picha na kijana wa pete.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Nikisema tembea, tembea. Bawa litakuvuta nyuma, wewe inama mbele, endelea. Nikisema koş, kimbia. Koş ni kimbia. Usiruke. Usikae. Hata ukiona ardhi imekwisha, usikae. Kimbia mpaka nikuambie.

"Tamam mı, abla?"

Tamam ni timamu, na abla ni dada mkubwa. Nikasema tamam. Akili yangu ilikuwa timamu kweli. Miguu ndiyo sikuiuliza.

Soksi ikajaa na kutulia. Tembea. Nikatembea hatua mbili, na nyuma yangu nikasikia kitambaa kinavuma, kinapanda, halafu ukaja ule mvuto. Nilikuwa nimeambiwa, na bado sikuutarajia. Ni kama mtu amekushika mikanda yote kwa nyuma na kusema huendi. Mwili wangu ukapokea habari hizo kwa furaha: kumbe tumeshikwa, basi tayari, tumepaa. Nikakunja miguu nikakaa.

Nilikaa juu ya hewa kwa muda wa kama kupepesa macho. Halafu nikakaa juu ya mawe. Goti la kushoto likaburuzika, rubani akaniangukia mgongoni, bawa likayumba upande wa kulia na kujilaza kwenye majani kama shuka lililotoka kwenye kamba. Vumbi. Kimya. Kijana mmoja wa kiwanjani akaja mbio kushika nyuzi. Suruali ilikuwa imechanika na goti linatoa damu kidogo, kidogo tu, lakini mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nilishindwa kufungua helmeti.

Niliogopa zaidi kugombezwa. Hakunigombeza. Alinifungua, akanipa maji, akakagua nyuzi zote kuanzia mwanzo, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Nikamwambia basi, sitaki tena. Akasema sawa, gari linashuka baada ya saa moja. Akaendelea na nyuzi zake. Hakunibembeleza hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nibaki nimesimama pale. Nikamuuliza: kwani kwa nini nisikae? Umeshanishika, mikanda ipo, kiti kipo, kiti ni cha nini kama si cha kukaliwa?

Akachuchumaa, akaokota kijiwe, akanieleza. Bawa halipai kwa sababu limefunguka. Linapaa kwa sababu hewa inapita juu yake kwa kasi inayotosha. Sehemu ya kasi hiyo inaletwa na upepo, na iliyobaki ni ya miguu yetu minne. Lile linalokuvuta nyuma ni bawa likiwa bado linapanda, halijafika juu ya vichwa vyetu, halijaanza kubeba chochote. Ukikaa wakati ule umetoa miguu miwili na kuongeza kilo 79 juu ya miwili iliyobaki. Akataja 79 bila kutabasamu. Nikaona haya.

Wakati huo wifi alikuwa ameshakwenda. Sikumwona anaruka, nilisikia tu sauti yake ikipungua: "Wifiii..."

Mara ya pili sikutazama bahari. Nilitazama kiraka cheusi kwenye sakafu ya mawe, kama hatua kumi na tano mbele. Tembea. Kitambaa kikavuma, mvuto ukaja, kifua changu kikasimama kama kimegonga mlango. Nikainama, nikasukuma. Kwa hatua tatu au nne nilikuwa nafanya kazi ya punda. Halafu, ghafla, mvuto ukahama. Ukatoka nyuma ukaja juu, mikanda ikanibana mapajani, na rubani akapiga kelele sikioni: "Koş, abla, koş!" Nikakimbia. Kiraka kikapita chini yangu. Nikakimbia. Mteremko ukaongezeka, visigino vikaanza kukosa mawe, nikakimbia, na uwanja ukaisha.

Kuhusu kuruka kwenyewe nina machache ya kusema, na nina sababu: hakukufanana na hofu niliyokuwa nimeiandaa. Tumbo halikupanda kooni. Unapoanguka ndipo tumbo hupanda, na sisi hatukuwa tunaanguka. Bawa la watu wawili husonga mbele kama mita nane kwa kila mita moja linayoshuka, mwendo wake kilomita 35 hadi 40 kwa saa, kama pikipiki isiyo na haraka. Si kimya kama nilivyodhani. Upepo hupiga mluzi kwenye nyuzi, na rubani ana kidude kinacholia tii-tii-tii kila hewa inapotupandisha. Tulipopita juu ya mwamba uliopigwa na jua kikalia kwa kasi, bawa likatetemeka, tukanyanyuliwa kama ndoo kisimani. Alitaka nijue kwamba hilo ni jema. Mwamba ukipata moto, hewa iliyo juu yake hupata joto na kupanda, nasi tumepanda nayo. Ndiyo sababu wanaoogopa mitikisiko huambiwa waruke asubuhi, kabla mlima haujachemka.

Lakini ile ghuba. Ufukweni nilikuwa nimeiona bluu, basi. Kutoka juu ina rangi ambazo hazijachanganyika: ukingoni nyeupe ya mchanga, halafu feruzi, nao wanaita firuze, halafu kijani cha chupa, halafu kwenye kina rangi ya wino, na kila rangi ina mpaka wake kana kwamba mtu amezimwaga kwa zamu. Pua ya mchanga imepinda katikati. Boti zilikuwa punje za mchele. Kivuli cha bawa letu kilikuwa kinatambaa juu ya misonobari, kidogo, cheusi, kikafika ukingoni mwa maji na kuingia bila kusita.

Rubani akaniwekea vishikio viwili mikononi. Vuta kushoto, taratibu. Nikavuta kiasi cha kuvuta pazia. Kitambo kidogo hakikutokea kitu, halafu dunia nzima ikaanza kuzunguka kwenda kulia, mlima ukaondoka mbele yetu na bahari ikaja. Niliachia haraka. Akacheka, akanirudishia vishikio.

Mbele yetu, chini zaidi, bawa la njano lilianza kuzunguka kama pia, likichora duara zinazobana. Nilijua ni nani kabla sijaambiwa. Kijana wa pete alikuwa amemuuliza kama anataka michezo, naye, kama kawaida yake, alikubali kwanza. Mimi nilipoulizwa nilisema hapana, mara tatu, katika lugha zote nilizokuwa nazo.

Hawatui mchangani, wanatua kwenye njia ya waenda kwa miguu inayopita kando ya ufukwe, katikati ya watu wanaokula aiskrimu. Nilifikiri ni utani mpaka nikaona paa za mikahawa zinatujia. Simama, akasema, yaani toka kwenye kiti, miguu tayari. Akavuta vile vishikio viwili, ambavyo pia ndivyo breki, chini kabisa, bawa likainuka kidogo kama farasi aliyevutwa hatamu, na tukashuka kwa hatua mbili fupi mbele ya baba mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto. Hata hakusimama. Alitupisha tu kama mtu anavyopisha baiskeli.

Wifi nilimkuta nyuma ya ua wa maua, amejikunyata, amekumbatia magoti, rangi imemtoka. Kijana wa pete amemshikia chupa ya maji na mfuko. "Wifi," akasema bila kuinua kichwa, "usiniulize." Sikumuuliza. Nilimvua viatu, nikamfunika na koti langu alilolitamani tangu mlimani, na tukakaa hivyo mpaka chai ikaja, nyekundu, kwenye vile vibilauri vyao vyembamba kiunoni.

Sikuwa nimepanga kununua video. Lakini ofisini mama alifungua kompyuta na nikaona kwamba rubani alikuwa amewasha kamera tangu mara ya kwanza. Nikamwomba airudishe nyuma, aisogeze polepole. Inaonekana wazi kabisa: bawa liko nyuma yetu, limepinda, halijafika hata nusu ya safari yake, na miguu yangu tayari imekunjwa, uso wangu una utulivu mkubwa. Wifi, aliyekwisha kupata rangi, akainama kwenye kioo. "Ulikaa, wifi," akasema. "Ulikaa kama umekaribishwa kiti."

Kisha ikaja mara ya pili. Kiraka cheusi kinapita, mawe yanaisha, mierezi inashuka, na chini ya fremu viatu vyangu vinaendelea. Kushoto, kulia, kushoto. Chini yake hakuna kitu kwa mamia ya mita, na mimi nakimbia, nimeinamisha kichwa, mikono inafanya kazi, kama mtu anayeliwahi basi. Wifi akaanza kuhesabu kwa sauti, na mama wa daftari naye akajiunga kwa Kituruki. Walifika kumi na tisa ndipo sauti ya rubani inaposikika nyuma yangu, inacheka, inasema dur, abla, dur, simama sasa, kaa.

Nikatoa pochi nikalipa. Wifi hakupinga bei.